Majira ya baridi ya Cape Rosier: shamba moja, majaribio mawili

Mwaka 1968 mwalimu mmoja wa lugha ya Kihispania, Eliot Coleman, na mkewe Sue walinunua ekari 60 za msitu kwenye rasi iitwayo Cape Rosier, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Bei ilikuwa dola 33 kwa ekari. Jumla haikufika dola 2,000. Pale hapakuwa na shamba. Palikuwa na misonobari iliyosongamana, mawe, na udongo mwembamba wenye tindikali ambao mwenyeji asingejisumbua kuulima. Umeme haukuwepo, simu haikuwepo, maji yalikuwa ya chemchemi. Wakajijengea kijumba cha mbao kwa gharama ya dola 680 hivi, wakaukabili msimu wa baridi wa kwanza mke akiwa mjamzito.

Shamba hilo lipo hadi leo na linaitwa Four Season Farm. Anayelima mboga popote penye theluji, awe Kanada au Sweden, huenda anatumia mbinu iliyokomazwa pale bila kujua ilikotoka. Ila wasimulizi wengi wa habari zake huruka kipande cha katikati. Jaribio la kwanza la familia ile lilidumu kama muongo mmoja na likaisha vibaya. Lililosimama ni la pili, la miaka ya 1990. Ardhi ni ileile, baridi ni ileile, mkulima ni yuleyule. Ni nadra kupata kisa ambacho karibu kila kitu kimebaki palepale na matokeo yakawa tofauti, na kwa familia yoyote inayofikiria kuishi kwa jembe katika nchi ya baridi, swali la kuuliza ni hili: kati ya jaribio la kwanza na la pili, kilibadilika nini?

Waliowauzia

Walioiuza ardhi ile ni Scott na Helen Nearing, na bila wao kisa hiki hakieleweki. Scott alikuwa mchumi aliyefukuzwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1915 kwa misimamo yake, kisha akashitakiwa kwa maandishi ya kupinga vita na kuachiwa huru mwaka 1919. Mwaka 1932, uchumi ukiwa umeporomoka, yeye na Helen walihamia milima ya Vermont. Walijenga nyumba za mawe kwa mikono yao: unatengeneza fremu ya mbao, unapanga mawe ndani, unamwaga zege, likishika unaipandisha fremu juu. Pesa taslimu waliipata kwa kugema miti ambayo mwishoni mwa baridi hutoa maji yenye sukari kidogo, wakayachemsha hadi yakawa shira. Lita 40 za maji ya mti hutoa kama lita moja ya shira, kwa hiyo ni kazi ya moto na kuni kuliko ya kugema. Mwaka 1952 walihamia Cape Rosier, wakaanza upya kwa mawe yaleyale na bustani mpya.

Kilichowavuta vijana kwa maelfu ni mgawanyo wao wa siku: saa 4 za kazi ya kujilisha, saa 4 za kazi ya akili au ya kipaji chako, saa 4 za kuwa na watu. Bajeti ya mwaka ikitimia, waliacha kuzalisha kwa ajili ya kuuza. Hawakula nyama na hawakufuga. Scott alifariki Agosti 1983, wiki chache baada ya kutimiza miaka 100, na hilo nalo likawa ushahidi machoni pa wafuasi wao kwamba maisha yale yanawezekana.

Nawaheshimu sana wazee hawa. Lakini anayechambua kisa lazima aangalie daftari lote, na daftari la akina Nearing lina mistari mitatu ambayo wafuasi wao wengi hawakuisoma. Kwanza, hawakuwa na mtoto mdogo shambani. Watoto wa Scott walikuwa wa ndoa ya awali. Pili, kipato chao hakikutoka ardhini pekee: kulikuwa na mihadhara, maandishi na fedha za urithi, tena wageni waliokuja kujifunza walifanya kazi bila mshahara. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, miezi ya baridi mara nyingi walisafiri. Walimu wa kujitegemea kaskazini walikuwa na njia ya kuikwepa sehemu ya msimu ambao wanafunzi wao walitakiwa kuupita wakiwa wamejifungia ndani na mtoto mchanga.

Miaka kumi ya kwanza

Kina Coleman walikuwa wachapakazi kupindukia. Miti waliangusha kwa shoka na msumeno wa mkono, visiki wakang'oa, mawe wakasomba. Maji yalibebwa kwa mzegazega kutoka chemchemini, ndoo huku na huku, kiangazi na kwenye theluji. Udongo uliokuwa umekufa waliufufua kwa chokaa, samadi, mboji na mwani uliosombwa ufukweni. (Msomaji wa Paje au Jambiani anayeulima mwani ili auuze atashangaa kusikia kuwa Maine wakulima waliufuata kwa ajili ya mbolea, na ni mbolea nzuri, ina potasiamu na madini madogomadogo, haina mbegu za magugu.) Baada ya miaka michache mboga zao zilikuwa zinasifiwa wilaya nzima. Mwaka 1971 gazeti kubwa la biashara liliandika habari zao, na baada ya hapo vijana wakaanza kumiminika, wengine wakikaa msimu mzima kwenye mahema.

Kisha mambo yakaanza kuachia. Eliot alipata ugonjwa wa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, akawa anaendeshwa na mwili usiojua kutulia. Sue alibeba jikoni, watoto, mbuzi, wageni na hifadhi ya chakula cha mwaka. Mwaka 1976 mmoja wa binti zao, akiwa bado mdogo sana, alizama kwenye bwawa la shambani akafariki. Ndoa haikupona. Kabla muongo haujaisha familia ilikuwa imetawanyika na Eliot ameondoka kwenda kuendesha mashamba ya wengine Massachusetts na Vermont. Binti yao mkubwa, Melissa, ameyaandika maisha hayo alipokuwa mtu mzima, kwa upendo na bila kuficha, na bila ujasiri wake tungebaki na picha za gazeti tu.

Kifo cha mtoto kinaweza kuivunja nyumba yoyote, mjini au shambani, na sitaki kukigeuza kuwa hoja. Lakini nyumba hii ilikuwa imechoka kabla ya siku ile, na uchovu huo unaweza kuchambuliwa.

Tuanze na kalenda. Cape Rosier iko kwenye nyuzi 44 kaskazini mwa ikweta. Jalidi ya mwisho ya masika huweza kuja katikati ya Mei, ya kwanza ya vuli huja kuanzia mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya hapo una miezi isiyofika mitano. Ndani ya miezi hiyo unapanda, unapalilia, unavuna, unauza, unajenga, unakarabati paa, unahifadhi chakula cha miezi saba, na unaandaa kuni. Mkulima wa Njombe au Kinangop anaijua jalidi, na anajua mashaka ya mvua kuchelewa. Ila huyo akikosa maharage msimu huu, ana nafasi ya kujaribu jambo jingine kabla mwaka haujaisha. Kule, kisichofanyika kufikia Oktoba hakifanyiki tena mpaka Mei.

Chukua kuni peke yake, maana ndipo wageni wengi wanapoumbuka. Kuni hupimwa kwa rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, sawa na mita za ujazo 3.6, na nyumba ya kawaida inayotegemea jiko la chuma peke yake huchoma marundo 4 hadi 6 kwa msimu. Mti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Ukiuchoma hivyo, moto unapoteza nguvu kwa kuyachemsha, na moshi wa ubaridi unaganda ndani ya dohani kama lami. Lami hiyo ikishika moto, nyumba ya mbao inaweza kuteketea. Kwa hiyo kuni za mwaka huu zilitakiwa kukatwa, kupasuliwa na kupangwa zipate upepo tangu mwaka jana, ikiwezekana na kabla. Familia iliyohamia Oktoba haina kuni za mwaka jana. Inaanza ikiwa na deni la mwaka mzima, na deni hilo linalipwa kwa mikono ileile inayotakiwa kupanda viazi.

Halafu hifadhi. Pishi zuri chini ya ardhi hukaa kwenye nyuzi 0 hadi 4 na unyevu wa asilimia 90 na zaidi. Humo karoti, bitiruti, kabichi na viazi hufika hadi Aprili. Lakini tufaha zisikae na viazi, kwa sababu hewa inayotoka kwenye tufaha huvuruga usingizi wa viazi. Vitunguu na maboga havitaki unyevu huo, vinataka pakavu. Nyanya na matunda lazima yachemshwe na kufungwa kwenye chupa, na kazi hiyo huangukia Agosti na Septemba, jikoni mwenye moto wa kuni, siku ambazo nje ndiko kwenye mavuno. Nani alisimama pale jikoni? Ule mgawanyo wa saa 4, 4 na 4 haukuwa na mstari wa kunyonyesha, kufua nepi kwa maji ya mzegazega, wala kupika kwa vijana kumi waliokuja kujifunza maisha rahisi. Ulikuwa mgawanyo wa watu wazima wawili. Akiingia mtoto, saa zile zinatoka kwa mtu, na katika ndoa nyingi, Maine au Mbinga, mtu huyo ni mama.

Hitimisho langu kuhusu jaribio la kwanza ni kwamba baridi siyo iliyowachosha. Kilichowachosha ni kiangazi kilichobebeshwa kazi ya miezi 12. Na baridi ilipofika, badala ya kuwa mapumziko, ilikuja na upweke, giza la saa 10 alasiri, na chumba kimoja kidogo ambamo kila jambo lisilosemwa wakati wa mavuno lilisubiri kusemwa.

Kilichogeuzwa

Eliot alirudi Cape Rosier karibu na mwaka 1990. Mwaka 1991 alimuoa Barbara Damrosch, mwandishi na mtaalamu wa bustani. Huko katikati alikuwa ametembelea wakulima wa Ulaya na kusoma historia ya wakulima wa mboga wa Paris wa karne ya 19, waliolisha jiji zima majira ya baridi kwa kengele za kioo zilizofunika mche mmojammoja na matuta yaliyopashwa joto na samadi mbichi ya farasi. Baadaye yeye na Barbara walipita kusini mwa Ufaransa mwezi Januari wakifuata mstari wa nyuzi 44, uleule wa shamba lao, kuona bustani za watu wa huko zina nini. Zilikuwa na mboga.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Ufaransa ya kusini ina baridi ndogo kuliko Maine, lakini jua ni lilelile, kwa sababu jua halijali bahari wala upepo, linajali nyuzi. Kumbe Maine haina upungufu wa mwanga wa kuziweka mboga hai. Ina ziada ya baridi tu. Na baridi inaweza kupunguzwa.

Walichofanya kinaelezeka kwa maneno machache. Kitalu nyumba cha plastiki, bila tanuru wala mafuta ya kupasha. Ndani yake, juu ya matuta, pinde za waya, na juu ya waya kitambaa cheupe chepesi kinachopitisha mwanga na hewa. Basi. Plastiki ya nje inazuia upepo na theluji. Kitambaa cha ndani kinashika joto linalopanda kutoka ardhini usiku. Coleman hupigia hesabu kwamba kila tabaka ni sawa na kulisogeza shamba maili 500 kusini, yaani kilomita 800, karibu na njia ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Matabaka mawili ni kilomita 1,600. Nje ikifika nyuzi 26 chini ya sifuri, chini ya kitambaa huwa nyuzi 8 au 9 chini ya sifuri.

Msomaji makini atasema: nyuzi 8 chini ya sifuri bado ni barafu. Kweli. Ndiyo maana mbinu hii haina maana kwa nyanya, na ndiyo maana uteuzi wa mimea ni nusu ya kazi. Spinachi, sukuma wiki, liki, karoti, na mboga ndogo za saladi ambazo Ulaya zilikuwa magugu ya mashamba ya ngano, hizo hustahimili. Baridi ikizidi, mimea hii huongeza sukari kwenye chembe zake, na maji yenye sukari hayagandi haraka. Karoti iliyoachwa ardhini mpaka Desemba huwa tamu kiasi kwamba watoto huitafuna kama peremende.

Asubuhi ya Januari ndani ya kitalu hicho inatia hofu kwa asiyeizoea. Ukiinua kitambaa saa 2, unakuta ukoko wa barafu upande wa chini, na majani ya spinachi yamelala chini, meusi-kijani, yanang'aa kama yamepikwa. Ukilishika jani likiwa hivyo, linavunjika, na litakapoyeyuka litakuwa ute. Kwa hiyo usiguse. Jua likipanda, plastiki inaanza kudondosha maji, na kufikia saa 4 au 5 majani yaleyale yamenyanyuka, yana ugumu wake, unaweza kuyakata kwa kisu na kuyatia kwenye kikapu. Siku ya mawingu mazito unasubiri mpaka mchana, na ikibidi unaahirisha. Mkulima anayelazimisha kuvuna kabla ya kuyeyuka anaharibu tuta zima kwa pupa ya saa mbili.

Sehemu ambayo mkulima aliyezaliwa karibu na ikweta lazima aitafakari taratibu ni ya urefu wa siku. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote haifiki saa moja, kwa hiyo hatuna mazoea ya kulihesabu jua. Cape Rosier, mchana wa Desemba hushuka chini ya saa 9. Coleman aligundua kwamba mchana ukishuka chini ya saa 10, mimea karibu inasimama kukua, hata ukiipa joto. Kwenye nyuzi 44 kipindi hicho ni kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Februari. Maana yake ni kwamba kitalu cha majira ya baridi hakioteshi kitu Desemba. Kinahifadhi. Mboga inatakiwa iwe imekua robo tatu kabla ya Novemba, halafu inakaa hai ardhini, ikisubiri kuvunwa kidogokidogo. Kazi ya kupanda kwa ajili ya Januari hufanyika Agosti: karoti mwanzoni mwa mwezi, spinachi baadaye hadi katikati ya Septemba. Wengi walioshindwa hawakushindwa kwa baridi. Walipanda Oktoba.

Kuna na vitalu vinavyohama. Wazo ni la Ulaya la mwishoni mwa karne ya 19, nyumba za vioo juu ya reli. Coleman alilirahisisha kwa mabomba mepesi na miguu ya kuteleza. Kiangazi kitalu kinasimama juu ya nyanya. Pembeni, uwanja wazi, mboga za baridi zinapandwa na kukua kwa jua na mvua. Jalidi ikikaribia, nyanya zimeisha, kitalu kinavutwa juu ya mboga. Ule udongo ulioachwa wazi unapata theluji na mvua ya kusafisha chumvi na wadudu, jambo ambalo wenye vitalu vya kudumu, hata Kenya, wanahangaika nalo kila baada ya misimu michache.

Lakini mbinu hizi zote, kwa maoni yangu, ni matokeo ya jambo kubwa zaidi. Walipoanza kuuza mboga za baridi mwaka 1995, msimu wao wa mauzo ulikuwa Oktoba hadi mwisho wa Mei. Kiangazi, wakati kila mwenye bustani Maine ana zukini za kugawa bure, wao hawakuuza. Walipanda kwa ajili ya mbele na kupumua. Ule mwezi wa Agosti uliokuwa umeivunja nyumba ya kwanza haukuwa tena mlango mwembamba wa kupitishia chakula cha mwaka mzima, kwa sababu chakula cha Januari kingevunwa Januari. Chupa zikapungua, pishi likawa msaidizi, na spinachi ya Februari ikapata bei kwa kuwa nyingine yote madukani ilikuwa imesafiri kutoka California. Eneo walilolima lilikuwa kama ekari moja na nusu kati ya zile 60.

Mistari ya daftari la pili

Kama nilivyowafanyia akina Nearing, ni haki niwafanyie na hawa. Jaribio la pili lilikuwa na umeme na barabara. Lilikuwa na watu wazima wawili tena, watoto wakiwa wamekua. Lilikuwa na kipato cha vitabu na kipindi cha televisheni walichokiendesha pamoja. Lilikuwa na wafanyakazi wanaolipwa. Lilikuwa na udongo uliojengwa kwa jasho la miaka kumi ya kwanza, jasho la Sue likiwamo, na hilo halitajwi inavyostahili. Na lilikuwa na plastiki, ambayo hutokana na mafuta ya petroli na hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Wapo wanaoona hapo unafiki. Mimi naona uamuzi wa mtu aliyekwisha kulipa bei ya msimamo mkali: karatasi nyepesi ya plastiki badala ya lori la mboga linalovuka bara zima.

Bei ya ardhi nayo imebadilika. Dola 33 kwa ekari ilikuwa zawadi hata wakati ule, kwani akina Nearing hawakutaka faida. Kijana wa leo anayeisoma habari hii akadhani ataanza kwa dola 2,000 atajidanganya. Na bima ya afya, ambayo Marekani humfunga mtu kwenye ajira kuliko mnyororo, haiji pamoja na shamba. Familia nyingi zinazofaulu katika maisha haya leo zina mmoja mwenye kazi ya mshahara, na hakuna aibu ndani yake. Kilichoniuma katika kisa cha kwanza ni kwamba msaada kutoka nje ulionekana kama kushindwa, mpaka nguvu ya watu wawili ikaisha.

Lewiston

Maine hiyohiyo ina kisa kingine kinachotuhusu kwa karibu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi wa nyanda za Handeni na Pangani walichukuliwa utumwani hadi kusini mwa Somalia. Wajukuu wao walilima bonde la mto Juba kwa vizazi, baadhi yao wakiendelea kusema Kizigua, mpaka vita vya miaka ya 1990 vikawakimbiza kwenye kambi za Kenya, Dadaab na baadaye Kakuma. Kuanzia 2003 hivi Marekani iliwapokea maelfu yao pamoja na Wabantu wengine wa Somalia, na wengi wakaishia mji wa Lewiston, Maine, pamoja na Wakongo na Warundi waliokuja baadaye wakiwa na Kiswahili chao. Jumuiya ya Wabantu wa Somalia huko ina mradi wa kilimo uitwao Liberation Farms, na shamba lao kubwa liko mji mdogo wa Wales, hukohuko Maine, mwendo mfupi kutoka Lewiston.

Wanalima nini kwenye nchi ya theluji? Mahindi magumu ya unga, kwa ajili ya ugali wao. Na wanayalima kwa vikundi. Kila familia ina kipande chake cha mboga za nyumbani, lakini mahindi ni ya kikundi: wanapanda pamoja, wanapalilia pamoja, wanauza na kugawana. Kule bondeni walikuwa na desturi hiyo kabla ya vita, na Maine imeikuta tayari. Kwa mtu anayekisoma kisa cha Coleman kama mimi, ni vigumu kutoliona hilo: ule msongamano wa kazi ndani ya miezi mitano, ambao kina Coleman walijaribu kuubeba wawili na baadaye wakauepuka kwa kuigeuza kalenda, hawa wanaukabili kwa wingi wa mikono. Mama mwenye mtoto mgongoni hahesabiwi kuwa pungufu. Wengine wanalima mstari wake, yeye anapika, kesho zamu inageuka.

Wao nao wanaanza kuvifahamu vitalu nyumba, na hapo mbinu mbili zinaweza kukutana. Kwa ndugu walioko Lewiston, Portland, Minnesota au Ontario wenye kiwanja nyuma ya nyumba, gharama ya kuanza ni ndogo: pinde za mabomba, plastiki ya kitalu yenye kinga ya jua, kitambaa cheupe, waya mnene. Eneo la futi 10 kwa 20 latosha kwa mwaka wa kwanza. Tafuta kwenye kalenda ya mji wako tarehe ambayo mchana unashuka chini ya saa 10, kisha rudi nyuma wiki 13 kwa karoti na wiki 7 au 8 kwa spinachi. Hapo ndipo mbegu ziingie. Plastiki ipande kabla jalidi ya Oktoba haijakaza, kitambaa kiongezwe Novemba. Na msipande peke yenu. Majirani wawili wakigawana kitalu kimoja, mmoja anaweza kuugua wiki nzima na spinachi isife.